Matairi ya Upande wa Kushoto

4 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, yaani mimi na shemeji yako, kwa maana nyumba nzima siku hizi ni sisi wawili. Tu wazima. Vumbi linatukohoza, lakini tunakohoa tukiwa tumesimama. Mwanangu kahamishwa kazi tena, safari hii mbali zaidi, na mkewe ananuna kana kwamba mimi ndiye niliyesaini barua ya uhamisho. Duka langu la pasi linakwenda. Nimepata kazi ya mashuka ya nyumba ya wageni, kwa hiyo mgongo unalalamika ila mkono unashukuru. Wifi yangu goti lake linaendeleaje?

Shemeji yako ndiye aliyenituma niandike. Unakumbuka alipostaafu kufundisha udereva alinunua lile gari la kijani la milango miwili kutoka kwa mhandisi aliyekuwa anahama. Maisha yake yote kawaambia watu "pole pole," halafu uzeeni akajinunulia gari la mbio. Lilivyo chini, kuingia ni kama kukaa mkekani, na kutoka sharti nivutwe. Sasa anataka matairi mapya. Kaketi hapa mbele yangu, na haya ni maneno yake, mimi naandika tu:

"Mwambie gari linavuta kushoto. Fundi kalipima mara mbili, anasema halina kasoro. Basi ni matairi. Mwambie sitaki matairi ya kubebea viazi. Nataka yale ya magari ya mbio, yanayoshika kona kama gundi na yasiyoogopa maji. Yeye ndiye anayeshinda nayo, achague kama anachagua ya gari lake."

Namba za ubavuni nimekunakilia nyuma ya karatasi hii, za mbele na za nyuma. Angeandika mwenyewe, ila miwani yake iko kwa fundi.

Kidogo nisahau: kioo cha pembeni kilivunjika, na nguzo ya geti imechubuka. Geti letu ni jembamba mno, nadhani unalikumbuka.

Ukijibu, tuma kwa anwani ya duka. Na kwa jambo hili usipige simu. Simu iko sebuleni, na wewe ukiongea husikika mpaka jikoni.

Dada yako.


9 Machi

Dada yangu mpenzi,

Barua yako ililala kwa karani wetu chini ya risiti za mwezi mzima, ndiyo maana nimechelewa. Nisamehe mimi, yeye nimeshamgombeza. Goti la wifi yako limekubali tena kupanda ngazi. Binti yetu kamaliza mtihani wa uuguzi na anangoja matokeo, kwa hiyo simu ikilia humu ndani tunaruka wote kama bisi.

Haya, tuje kwenye chakula changu, matairi.

Mwambie shemeji, mwalimu wangu wa udereva, kwamba namba za mbele na za nyuma kutofanana si kosa. Gari lake limevaa viatu vipana nyuma kuliko mbele, ndivyo lilivyoumbwa, kwa hiyo ya nyuma hayawezi kuhamia mbele hata kwa dharura. Ile herufi ya mwisho ni ya mwendo. Inasema tairi litavumilia kasi gani kabla halijaanza kujipika lenyewe. Asikubali herufi ya chini ya hiyo, hata muuzaji akimwapia kwa mama yake. Halafu kuna tarakimu nne ndani ya kiduara, zinataja wiki na mwaka wa kuzaliwa kwa tairi. Matairi huzeeka hata yakiwa dukani, kama sisi.

Kuchagua ndiko kunakonipa raha. Yapo ya mpira laini sana, yanaing'ang'ania lami kama mtoto shingoni kwa mama, lakini yanakwisha kama sabuni. Yapo magumu, yanadumu, ila mvua ikinyesha unaendesha huku umeshika roho mkononi. Mimi ninayapenda ya katikati, yenye mifereji mipana ya kutapika maji. Vijana wanaokuja hapa na magari ya haraka huchagua tairi kwa sura, kana kwamba watalivaa wao miguuni.

Ila kabla sijachagua, nieleze haya ya sasa yamekufaje. Tairi halifi bila kuacha ushahidi. Likilika katikati, upepo ulizidi. Likilika kingo zote mbili, upepo ulipungua. Likilika ukingo wa ndani peke yake, magurudumu hayakukaa sawa. Pitisha kiganja, dada, juu na ubavuni, yote manne, uniambie ulichokuta.

Na miwani ikitoka kwa fundi, mwambie aniandikie mwenyewe. Nimeukosa mwandiko wake.

Mdogo wako.


21 Aprili

Mdogo wangu,

Hongereni kwa binti! Habari ilinifikia kupitia kwa mwanangu, nikapiga kigelegele katikati ya duka mpaka mteja akadhani nimeungua. Muuguzi katika ukoo, sasa tuugue kwa raha zetu.

Nimefanya ulivyosema. Nilingoja shemeji yako asinzie baada ya chakula cha mchana, nikatoka na kanga mbili za kuchuchumalia, nikayapapasa matairi yako kama mkunga. Juu hayajaisha. Mifereji bado ina kina, kidole kinazama. Ya kulia, mbele na nyuma, ni kama jana yametoka dukani.

Ya kushoto ndiyo yana mambo. Ubavuni yamechanika, michubuko juu ya michubuko, mingine ya zamani, mingine mipya. Rimu zake zimekwanguka mpaka chuma kinang'aa. Na la mbele kushoto lina uvimbe, ukubwa wa yai, laini ukiubonyeza.

Sasa wewe ndiye daktari wao. Niambie ni ugonjwa gani, na ni tairi gani la kununua. Mengine niachie mimi.

Ameamka, ananiita. Anauliza kwa nini nina vumbi magotini.

Dada yako.


6 Mei

Dada,

Salamu nyingi, na za wifi yako. Binti kaanza kazi wodi ya watoto, anarudi kachoka lakini anacheka.

Nimeweka karatasi mbili. Ya pili msomee shemeji. Hii ni yako, ukimaliza itie motoni.

Ule uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Kinachozuia upepo pale ni ngozi tu. Linaweza kupasuka kesho, linaweza kupasuka sasa hivi ninapoandika. Gari hilo lisitoke getini. Likitoka, walau lisikimbie.

La pili nimelizunguka siku nzima kazini, nimefunga nati za watu huku nikilifikiria. Dada, matairi hayaugui ubavuni upande mmoja wa gari, mbele na nyuma, na wenzao wa kulia wakabaki wazima. Hayo ni matairi yanayopigishwa ukingo wa barabara kila mara, na nguzo, na mawe. Gari halivuti kushoto. Dereva ndiye asiyejua kushoto kwake kuna nini.

Niambie ukweli. Haoni?

(Karatasi ya pili)

Shemeji na mwalimu wangu, shikamoo. Nimeyasoma maagizo yako kwa makini. Ulichoomba ni kitu cha watu wanaojua, na kwa sababu hiyo hakipatikani ovyo. Vipimo vya nyuma vimeadimika sana sasa hivi, viwanda vimepunguza kuvitengeneza. Nimeagiza, tungoje. Wakati tunangoja nakusihi gari lipumzike, maana tairi lenye uvimbe halina adabu kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu. Nisalimie barabara zako. Mwanafunzi wako mtiifu.


30 Julai

Mdogo wangu,

Usidhani nimekasirika. Nilikuwa naianza barua hii, naikunja, naitia mfukoni mwa aproni, inafuliwa na aproni. Tumeelemewa na kazi, nyumba ya wageni imejaa. Mwanangu kapata mtoto wa pili, wa kiume, ana masikio ya shemeji yako, maskini.

Umeuliza, nakujibu. Haoni pembeni. Mbele anaona, tena mbali, atakusomea kibao cha duka lililo ng'ambo. Lakini ni kama anayechungulia kwenye bomba. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kilichokwishapotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki tu. Jicho la kushoto ndilo lililotangulia. Alimwambia asiendeshe. Shemeji yako alinyanyuka kitini, akamwambia, "Kijana, mimi nimefundisha udereva kabla hujazaliwa." Tukaondoka. Miwani haijawahi kwenda kwa fundi.

Utauliza leseni. Alipokwenda kuihuisha walimsimamisha mbele ya ile chati ya herufi. Mtu kapeleka wanafunzi mbele ya chati hiyo maisha yake yote, anaijua kama jina lake. Aliisoma mpaka mstari wa chini kabisa, karani akampigia makofi.

Karatasi yako ya pili nilimsomea. Alicheka, akasema, "Mdogo wako hajui kudanganya. Vipimo hivyo vimejaa tele." Halafu akaongeza, "Amekuambia nini kwenye ile nyingine?" Nikamwambia habari za goti la wifi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Akiendesha, mimi hukaa naye. Zamani hakuwa akinichukua, gari lilikuwa la kazi, limejaa wanafunzi. Siku hizi hatoki bila mimi. Nami huwa naongea njia nzima. Nasema, "Tazama yule mama na kitambaa chake kizuri." Ananiuliza, "Wapi?" Nasema, "Hapa kushoto, karibu kabisa." Anapunguza mwendo. Nasema, "Leo watoto wamevaa sare mpya," anapunguza. Nasema, "Machungwa yameshuka bei," anajua kuna mkokoteni. Hajawahi kuniambia asante, na mimi sijawahi kumwambia kwa nini nasema. Nikikohoa, husimama kabisa.

Ile michubuko uliyoisikia ni ya siku nilizochelewa kusema.

Unaniambia lisitoke getini. Wewe unamjua. Funguo nilizificha mara moja ndani ya pipa la wanga wa kunyooshea nguo. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha barazani mchana kutwa, hakuvaa viatu, hakuuliza chakula. Jioni nikazifuta wanga nikazirudisha mezani. Sote wawili tukajifanya zilikuwa pale pale.

Niambie basi wewe ungefanyaje.

Dada yako.


19 Agosti

Dada,

Sijui ningefanyaje. Nimeanza kwa jibu kwa sababu salamu leo hazinitoki.

Niliposoma habari za machungwa nilitoka nje ya karakana nikasimama uani. Nilikasirika, nikataka kupanda gari nije nimpokonye funguo mwenyewe. Nimeomba likizo, bosi kaniambia mpaka msimu wa mvua upite, maana mvua ndiyo inayowakumbusha watu kuwa wana matairi. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Hata ningepewa, nimejiuliza nitasimama mbele yake nimwambie nini. "Mwalimu, shuka"? Yeye ndiye aliyenipandisha. Nilikuwa sina kazi wala akili, akanitia kwenye kiti cha dereva, akaniambia, "Gari linataka mtu mtulivu, na wewe utakuwa mtulivu." Ulimi wangu haufiki huko, dada. Wewe mkewe umeshindwa, daktari kashindwa.

Basi nimefanya ninachokiweza. Nikimnyima matairi, ninamwacha juu ya uvimbe ule, nawe ukiwa pembeni yake. Nikimpa, ninampa mbawa. Nimepima upande huu na ule mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimefiwa. Mwishowe nimeshindwa kuuvumilia ule uvimbe. Matairi manne yanakuja kwa lori la mzigo, yatashushwa dukani kwako.

Sikuchagua yenye kasi zaidi. Yale laini kabisa humdanganya dereva, anaona gari limetulia kumbe anakimbia. Nimechagua yanayoongoza kwa kushika breki kwenye maji. Kuna jaribio wanalofanya, gari linapigwa breki juu ya lami iliyoloa na wanapima limesimama wapi, na haya yaliyapita mengine kwa urefu wa gari zima. Urefu wa gari zima ni mtu, dada. Ndivyo nilivyochagua.

Mshale ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu, fundi asiukosee. Upepo ujazwe matairi yakiwa baridi.

Na nina ombi. Jifunze kuendesha. Mwalimu bora wa mji unaye ndani ya nyumba, na hajawahi kukufundisha wewe. Mwombe. Labda atakubali kukaa upande wa pili ikiwa ni kwa kufundisha.

Mdogo wako.


11 Oktoba

Mdogo wangu,

Mzigo ulifika salama. Dereva wa lori aliyapanga matairi katikati ya mashuka, duka likanuka mpira mpaka mteja mmoja akauliza kama tumebadili biashara. Mjukuu anaota meno. Binti yenu nimeletewa picha yake na sare, nimeibandika juu ya meza ya pasi.

Ungemwona shemeji yako! Alipiga magoti, akayapapasa moja moja, akanusa, akasoma herufi kwa ncha za vidole. Akasema, "Kachagua kama mtu mzima." Akampeleka fundi mbio, akasimama juu yake mpaka nati ya mwisho, akimwambia, "Mshale! Tazama mshale!" Kwa kweli gari limekuwa jingine. Haliungurumi. Kwenye maji linakaa kama limeshonwa barabarani.

Tulipotoka mara ya kwanza, aliendesha mpaka nje ya mji na kurudi bila kugusa ukingo hata kidogo, kwa sababu nilisema kila kitu, nilisema mpaka koo likakauka. Aliposimama nyumbani alizima gari, akapiga usukani kwa kiganja, akaniambia, "Umeona? Nilisema ni matairi."

Nikasema nimeona.

Kuhusu kujifunza, nilimwomba. Alifikiri nafanya mzaha, halafu akafurahi. Asubuhi moja akanikalisha kwenye usukani hapo uani. Alikuwa yule yule wa zamani, mdogo wangu, sauti ile, utulivu ule. "Usiibane, si kuku. Angalia mbali, mkono utafuata macho." Nikalisogeza mbele mpaka kwenye geti na kulirudisha nyuma mpaka ukutani. Mimi! Nilicheka hadi machozi. Nilipouliza kesho tutafanya nini, akanitazama kwa muda. Aliona ninapoelekea. Akasema, "Gari hili si la kujifunzia." Akashuka, akazunguka akiwa ameshika boneti kwa mkono, akanifungulia mlango nitoke.

Sikumwomba tena. Na sasa anakwenda kasi kuliko mwanzo, kwa sababu anayaamini matairi yako. Mimi huwa nasema, "Pole pole, tumbo linaniuma." Tumbo langu limekuwa breki.

Dada yako.


2 Novemba

Dada,

Natumaini hamjambo. Barua yako sikuimaliza kwa furaha. Ile "umeona, nilisema ni matairi" haijanitoka masikioni. Tafadhali, usimwache akatoka peke yake, na mvua zikianza msitoke kabisa. Likizo yangu wameisogeza mpaka Januari. Nitakuja, naahidi.

Mdogo wako.


14 Desemba

Dada,

Hujanijibu. Nimepiga simu nyumbani, inaita tu. Mwanao anasema "mama ataandika" na kukata. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako.


17 Januari

Mdogo wangu,

Nilikuwa sina mkono wa kuandikia. Tu hai, sote wawili. Nimetanguliza hilo ili upate kusoma yaliyobaki ukiwa umekaa.

Ilikuwa wiki ile ya mvua kubwa, mwezi wa kumi na moja. Mashuka ya nyumba ya wageni hayakukauka, ikabidi yote nikaushe kwa pasi, nikabaki dukani mpaka alasiri. Shemeji yako nilimwacha nyumbani akisikiliza redio. Nikasikia honi mlangoni. Nikachungulia, namwona yuko ndani ya gari, kavaa shati safi, kioo kakishusha, anatabasamu. "Ingia, usiloane," akaniambia. "Nimekufuata."

Alikuwa amekuja peke yake, njia nzima, ili mimi nisiloane.

Nilizunguka upande wangu nifungue mlango. Kwenye tairi la mbele kushoto kulikuwa na mwavuli. Kitambaa kimejiviringisha, fito zimechomoza. Nikamuuliza, "Umepita wapi?" Akasema, "Kona ya posta. Nimegusa ukingo kidogo, ni ule utelezi. Kwani rimu imeumia?" Nikaangalia nyuma, nikaona watu wanakuja wakikimbia kwenye mvua, wananyoosha vidole.

Ni msichana wa duka la dawa, mkabala na posta. Alikuwa anavuka. Nyonga imevunjika mahali pawili na mguu mmoja. Yuko hai. Kama atatembea sawasawa, hawajui.

Shemeji yako alikaa ndani ya gari akiniuliza, "Wanataka nini hawa? Wanataka nini?"

Askari wa usalama barabarani alinichukua mpaka pale kwenye kona. Alipima lami kwa futi yake ndefu, akarudi, akapima tena. Akaniambia kwa upole, "Mama, hakuna alama ya breki. Wala watu waliokuwepo hawakuona taa za breki zikiwaka." Nikakumbuka jaribio lako la lami iliyoloa. Matairi yako hayana hatia. Hayakuulizwa.

Kituoni yule askari alikuwa akimhoji amesimama mbele yake. Halafu akanyata taratibu mpaka upande wake wa kushoto, akanyoosha mkono karibu amguse sikio. Shemeji yako aliendelea kumweleza habari za utelezi, akiwa ameukazia macho ukuta mahali askari alipokuwa amesimama mwanzo. Chumba kizima kilikuwa kinatazama. Askari akaurudisha mkono wake chini na kusema, "Inatosha, mwalimu." Na yeye naye alikuwa mwanafunzi wake.

Leseni wamechukua. Kesi itatajwa mwezi ujao.

Dada yako.


29 Januari

Dada,

Nimesoma mbele ya wifi yako, akanishika bega. Pole. Pole kwa yule binti, na kwa mama yake, nisiyewajua hata mmoja.

Nilichagua vizuri. Nikirudia tangu mwanzo, na vitabu vyote mezani, nitayachagua yale yale. Hilo ndilo linaloniua. Kama ningekosea ningekuwa na cha kujilaumu, nikajilaumu, nikalala.

Binti yangu kauliza jina la hospitali, anataka kuongea na wauguzi wa kule waangalie vidonda vya kulalia. Ni yeye peke yake katika sisi aliyepata la kufanya.

Mwisho wa mwezi ujao nitakuja. Mwambie mwalimu namwamkia. Au usimwambie. Fanya unavyoona.

Mdogo wako.


25 Februari

Mdogo wangu,

Mwambie binti yako Mungu amlipe. Wauguzi wanasema alipiga simu, na sasa wanamgeuza mgonjwa kwa zamu. Mwanangu yuko hapa tangu juzi, kaja na mjukuu, nyumba ina kelele tena. Gari limeuzwa pamoja na matairi yako, ili hospitali ilipwe. Aliyelinunua aliyasifu sana. Kesi hakimu ameipa tarehe nyingine, anasubiri kuona mgonjwa ataponaje.

Shemeji yako hakuuliza gari limekwenda wapi. Alisema neno moja tu kwa wiki nzima, kwamba nimpeleke kwa yule msichana. Nilikataa. Nikaogopa mama yake atatupigia kelele wodini, na angekuwa na haki. Akarudia kila asubuhi, nikachoka, tukaenda juzi.

Mama mtu hakupiga kelele. Alitutazama, akachukua chupa ya maji, akatoka. Msichana kalazwa chali, mguu umening'inizwa. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Shemeji yako alipapasa ukingo wa kitanda mpaka akapata kiti. Nilidhani atasema habari za mvua, au za utelezi. Nilijiandaa kuona haya.

Akasema, "Binti yangu, sikukuona. Mimi sioni. Macho yangu yamekwisha muda mrefu, na nilijua."

Nimekaa na mtu huyu miaka yote hii, mdogo wangu, nikiyangoja maneno hayo. Nimeyasikia akimwambia mwingine, nami nimesimama nyuma ya kiti na mfuko wa matunda mkononi.

Msichana hakulia. Aligeuza kichwa juu ya mto, akamtazama. Halafu akasema, pole pole, kama mtu asiyetaka kumuumiza mwenzake:

"Mimi nilikuona, mwalimu. Nilikuona toka mbali. Nikasema, huyu ndiye aliyenifundisha, atasimama. Ndiyo nikavuka."

Ukiweza, njoo. Usipoweza, sitakulaumu.

Dada yako.